Ngamia Hapimwi Wakati wa Mvua

Swali hili la mpira wa kikapu sikulipata Nairobi, wala sikulipata kwetu Mombasa. Nililipata Modogashe, katika mkahawa wa mabati ulio kando ya njia itokayo Garissa kwenda Wajir, karibu na pale njia ya Isiolo inapokuja kuungana nayo. Tulikuwa tumeshuka garini kusali adhuhuri na kunywa chai ya maziwa ya ngamia. Vijana watano walikuwa wameizunguka simu moja, wakijibizana kwa sauti za juu: je, Nairobi City Thunder inaweza kugombea ubingwa wa vilabu vya Afrika, au huenda kule kujaza idadi tu?

Mmoja wao, kijana mrefu ambaye ilimbidi ainamishe kichwa kila apitapo mlangoni, aliponiona na kalamu mfukoni alinigeukia. "Adeer," akaniita, kama Wasomali wanavyomwita ami, "wewe ni mtu wa magazeti. Tuambie haki."

Sikumjibu palepale. Mtu akiulizwa haki hana budi aipime kwanza, asije akasema la kumfurahisha aulizaye. Nimeipima njia nzima, na leo namjibu hapa, mbele yenu wasomaji.

Tuanze na sifa, maana mwenye sifa yake apewe. Thunder ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya katika msimu wa 2023/24 bila kufungwa, katika ligi ambamo wamo KPA wa Mombasa na Ulinzi Warriors, watu wasiokubali kuonewa. Mwishoni mwa mwaka 2024 ikakata tikiti ya Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, ile iitwayo BAL, ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kuufikia ukumbi huo. Mwezi Mei 2025 ikaenda Kigali, ikapangwa kundi moja na APR ya Rwanda, Al Ahli ya Tripoli kutoka Libya, na MBB ya Afrika Kusini. Huko haikuvuka. Hatua ya mtoano iliyochezwa Pretoria mwezi Juni iliitazama kwa mbali, kama sisi sote.

Basi hapo ndipo penye mzozo. Kijana wangu mrefu alishikilia kwamba kutolewa huko si hoja, kwa sababu timu ilikuwa ngeni, na mgeni siku ya kwanza hukalishwa mkekani. Mwenzake akamwambia kuwa timu nzuri hujulikana siku ileile ya kwanza. Nani msema kweli?

Tuitazame orodha ya mabingwa, maana orodha haina upendeleo. Mwaka 2021, ligi hiyo ilipoanza, kombe lilichukuliwa na Zamalek ya Misri. Mwaka 2022 likaenda kwa US Monastir ya Tunisia. Mwaka 2023 likarudi Misri, safari hii kwa Al Ahly ya Kairo. Mwaka 2024 likachukuliwa na Petro de Luanda ya Angola. Na mwaka 2025 likaenda Libya kwa hao hao Al Ahli wa Tripoli, walioifunga Petro 88 kwa 67 katika fainali. Makombe matano: manne yamekwenda kaskazini ya bara, na moja Angola. Katika hayo Afrika ya Mashariki haikuonja hata moja, ijapokuwa mechi nyingi za mwisho zimechezwa Kigali, mlangoni petu.

Sasa angalia jambo la pili ndani ya orodha hiyo. Monastir ilishindwa fainali ya 2021, ikarudi mwaka uliofuata ikalitwaa kombe. Petro ilikuwa ya tatu mwaka 2021, ikashindwa fainali ya 2022, ndipo ikashinda 2024. Hawa walipanda ngazi hatua kwa hatua. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: Thunder nayo ipewe muda, ipande ngazi yake.

Lakini Al Ahly ya Kairo iliingia ligi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na mwaka huohuo ikatoka na kombe. Al Ahli ya Tripoli nayo iliingia mara ya kwanza 2025, ikashinda. Basi ugeni si udhuru. Wageni hao wawili hawakukalishwa mkekani; walikwenda moja kwa moja hadi kitandani. Tofauti yao na sisi ni nyumba walikotoka, wala si siku walizokaa ukumbini. Al Ahly ya Kairo ni klabu ya tangu mwaka 1907, na taifa la Misri lilikwisha kutwaa ubingwa wa Afrika wa mpira wa kikapu mwaka 1962, kabla sisi wa Kenya hatujapata bendera yetu. Mgeni wa namna hiyo huja na urithi wake mkobani.

Kijana alikuwa na hoja nyingine, nayo ilikuwa nzuri hata nikaweka kikombe chini. Akasema, "Na Houston je? Mwaka 1995 walimaliza wa sita upande wa Magharibi huko Marekani, nani aliwahesabu? Wakachukua ubingwa!" Ni kweli. Houston Rockets ya Hakeem Olajuwon iliingia mtoano ikiwa ya sita katika upande wake, na ikaishia kuipiga Orlando mechi nne kwa bila katika fainali. Mtu aliyekuwa akipima timu kwa msimamo wa ligi peke yake aliumbuka mwaka huo.

Walakini msimamo wa ligi haukueleza habari yote. Houston walikuwa ndio mabingwa wa mwaka 1994. Walikwisha kujua njia ya kwenda kileleni gizani. Tena mwezi Februari 1995 walimwongeza Clyde Drexler, mchezaji mkubwa, aliyekuwa rafiki wa Olajuwon tangu walipokuwa chuo kikuu. Ile nafasi ya sita ilikuwa vumbi juu ya dhahabu. Aliyeifuta vumbi aliona. Kwa hiyo mfano wa Houston hautufundishi kuwa timu yoyote inaweza kushinda. Unatufundisha kwamba tukitaka kuijua timu, tutazame kilicho chini ya vumbi.

Na hapa ndipo aliponisaidia mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote pembeni, ndevu zake zimepakwa hina, fimbo yake mapajani. Mpira wa kikapu haujui wala hautaki kuujua. Aliulizwa kwa mzaha na vijana wamchagulie nani, akajibu kwa Kiswahili cha mkato: "Mimi najua ngamia. Ukitaka kununua ngamia, usimtazame wakati wa mvua. Wakati wa mvua wote wazuri. Njoo jilaal."

Jilaal ni kile kiangazi kikali cha huko, kuanzia Januari hadi Machi, nyasi zikiisha na visima vikienda mbali. Wakati huo nundu ya ngamia husema kweli. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana nilimkumbuka maalimu wetu chuoni. Alipotaka kujua kama mtoto amehifadhi hakumwuliza sura ya jana. Alimwuliza ya mwaka uliopita, tena alimkata katikati ya aya na kumtaka aendelee. Aliyehifadhi kwa ulimi tu alikwama. Aliyehifadhi kwa moyo aliendelea kama aliyekuwa akisubiri.

Jilaal ya mpira wa kikapu ni ipi? Ni kundi lenyewe. Mwaka 2025 timu nne zilikutana nyumbani na ugenini kwa hesabu, ingawa uwanja ulikuwa mmoja, hivyo kila timu ilicheza mechi sita katika siku chache zisizofika kumi. Kila mechi ni dakika 40. Mchezaji akifanya madhambi matano hutolewa nje, harudi tena. Timu yenye watano hodari na wengine saba wa kujaza benchi inaweza kushinda usiku wa kwanza, ikapiga kelele mji mzima. Usiku wa nne miguu inakuwa mizito, mitupo inapungua urefu, na mpira unaorudi ubaoni unachukuliwa na mwingine. Hapo kocha hugeuka nyuma kutazama benchi. Anachokiona benchini ndicho kipimo cha ugombea ubingwa. Majina yaliyoandikwa kwenye tangazo hayatamsaidia saa ile.

Fedha inaweza kumletea wageni. Mimi si katika wanaochukia wageni. Bandari yetu imejengwa na wageni, na lugha ninayoandikia imewakaribisha wengi. Lakini kanuni za ligi hiyo zinaweka mpaka: wageni ni wachache, na sehemu kubwa ya timu sharti iwe wenyeji. Kwa hiyo klabu yoyote ya Kenya, iwe ni Thunder au kesho iwe KPA, itapanda hadi pale wenyeji wake watakapofika, si zaidi. Mgeni ni ndoo nzuri ya chuma. Wenyeji ndio kisima. Ndoo nzuri katika kisima kikavu hutoa mchanga.

Na kisima chetu kina kina gani? Mtu mmoja atatosha kueleza. Mwezi Februari 2021, Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74 kwa 73, na aliyetia kikapu cha mwisho muda ukiyoyoma alikuwa Tylor Ongwae. Usiku ule Kenya nzima ilijifunza jina lake. Mwaka 2025 Thunder ilipokwenda Kigali, Ongwae huyohuyo alikuwamo, umri wake umekwisha kupita miaka 30. Namheshimu sana. Lakini nauliza: yuko wapi wa miaka 19 anayemsukuma nyuma, anayemnyima usingizi? Nchi yenye kisima hujibu swali hilo kwa majina kumi. Sisi tulijibu kwa kumtegemea yuleyule.

Wala si kwamba hatuna damu ya mchezo huu. Mwaka 1993 mashindano ya mataifa ya Afrika yalichezwa Nairobi, na Kenya ikamaliza ya nne. Tungepaswa kujenga juu ya msingi huo siku ya pili yake. Badala yake ikapita miaka 28 hata Kenya ikarudi katika mashindano hayo, Kigali 2021. Katikati, mwaka 2019, vijana wetu walifika fainali ya AfroCan huko Bamako, wakafungwa na Kongo 82 kwa 61. Kila mara tunamwona ngamia mzuri wakati wa mvua, tunampigia vigelegele, kisha tunamwacha bila maji.

Tazama jirani zetu wa Sudan Kusini. Nchi yao ilizaliwa mwaka 2011. Katika mashindano yale ya Kigali, 2021, wao ndio waliotutoa, 60 kwa 58, tofauti ya kikapu kimoja tu. Toka pale sisi tulirudi nyumbani, na wao wakaendelea na safari. Mwaka 2023 wakacheza Kombe la Dunia. Julai 2024, huko London, katika mechi ya kirafiki, walishindwa na Marekani kwa pointi moja, 101 kwa 100, na baadaye katika Olimpiki ya Paris wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Hawana kumbi kutushinda sisi. Walichofanya ni kuwatafuta vijana wao popote walipotawanyika duniani, wakawaita kwa majina.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Mwaka 2023 Al Ahly ya Kairo ilipolichukua kombe la Afrika, mchezaji bora wa ligi nzima alikuwa Nuni Omot. Wazazi wake walitoka Ethiopia, naye alikulia Marekani. Lakini alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, na kambi hiyo ilikuwa hapa Kenya. Soma tena, msomaji. Mtu aliyewapelekea Wamisri ubingwa ambao sisi tunaulizana kama tutaweza kuugombea, alivuta pumzi yake ya kwanza katika ardhi yetu, akapita mikononi mwetu akiwa mchanga, na hatukumjua.

Sisemi tungeweza kumjua. Riziki ya mtu huandikwa na Mola wake. Nasema tu kwamba tangu Modogashe hadi Dadaab si safari ya siku nyingi, na huko Dadaab kambi zimesimama tangu mwaka 1991. Kizazi kizima kimezaliwa na kukua humo. Na nje ya kambi, katika Garissa, Wajir na Mandera, kuna vijana warefu wembamba kama mlingoti, wenye miguu iliyozoea kutembea mchana kutwa nyuma ya mifugo. Katika siku mbili nilizokaa Modogashe niliwaona wakicheza kandanda juani hadi magharibi. Ubao wa kikapu sikuuona hata mmoja. Kijana wangu mrefu anaujua mchezo mzima, kanuni zake na majina ya mabingwa wake, kwa macho tu. Nilipomwuliza ameushika mpira wa kikapu mara ngapi, aliangalia chini, akasema, "Mara mbili, adeer. Garissa."

Mara mbili! Na tunauliza kwa nini benchi ni tupu.

Najua kuna watakaoniambia kwamba michezo hii itawatoa vijana chuoni na msikitini. Ni hofu ya mzazi, siidharau, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mzazi. Ila nawakumbusha huyo huyo Olajuwon wa Houston. Ramadhani ya mwaka 1995 iliingia mwanzoni mwa Februari, katikati ya msimu wa ligi. Alifunga. Alikuwa akicheza na tumbo tupu dhidi ya watu walioshiba, na mwezi huo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Mchezo haukumtoa katika dini yake. Dini ndiyo iliyoufanya mchezo wake uwe na nidhamu. Mtoto aliyezoea kuamka alfajiri na kukaa mbele ya ubao wa maalimu bila kuchoka ana nusu ya anayoyahitaji mchezaji. Nusu ya pili ni ubao mwingine, ule wenye kikapu.

Wengine watasema watu wa huko wana shida kubwa kuliko mpira: ukame, maji, usalama. Ni kweli pia. Lakini Modogashe ndiyo iliyoipa jina lake ile suluhu ya mwaka 2001, ambapo wazee wa jamii za eneo hilo walikaa na kupatana juu ya malisho, mifugo iliyoibwa na fidia. Watu waliokaa chini wakakubaliana juu ya mambo mazito kama hayo hawashindwi na kanuni za mchezo wa watu watano. Na kijana mwenye kazi ya jioni na wenzake kutoka ukoo mwingine si rahisi kumtuma usiku kwenda kuiba ngamia wao.

Basi hukumu yangu ni hii. Thunder inaweza kuingia ukumbini, na usiku mmoja inaweza kumwangusha yeyote. Lakini kugombea ubingwa ni kitu kingine. Ni kufika usiku wa sita ukiwa bado na pumzi, na kurudi mwaka unaofuata kwa nguvu ileile au kupita. Kwa kipimo hicho nasema bado, na kosa si la klabu. Klabu imefanya lake: imekusanya kilichokuwapo ikakipeleka mbali kuliko klabu yoyote ya Kenya kabla yake. Kilichokuwapo ndicho haba.

Na nini kitanibadilisha kauli? Siku nitakapoona katika orodha ya wachezaji wake kumi na wawili majina mawili matatu ya vijana walioanza mchezo Garissa, Wajir, Lamu au Kwale, si kwa hisani bali kwa kustahili, siku hiyo nitaandika kwamba Kenya inagombea. Sisi wa pwani tusijitoe katika lawama hii. Tumejivunia KPA miaka mingi kana kwamba mji mmoja ni mwambao mzima. Hesabu mbao za kikapu kutoka Shela hadi Vanga, kisha uniambie.

Gharama yake si kubwa. Nguzo mbili, mbao mbili, sakafu ya saruji, mipira kadhaa, na mwalimu mmoja anayependa watoto. Kila kaunti hutumia zaidi ya hivyo katika hema na viti vya hafla moja. Tukikaa tu na kuomba dua timu ishinde, tutakuwa kama yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kumtegemea Mungu. Mtume (s.a.w.) alimfundisha amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Sisi tunataka kutawakali, na kamba hatujasokota.

Nilipopanda gari, yule kijana alikuja dirishani. "Kwa hiyo, adeer, wanaweza?" Nikamwambia nitamjibu gazetini. Nimemjibu. Lakini jibu la kweli, mwanangu, liko kwa watu wazima wanaosoma makala hii, ambao wanaweza kukufanya uushike mpira huo mara ya tatu. Wao nawaachia ubeti huu:

Kisima ni cha kuchimbwa, si cha kungojea mvua,
Na mnyama wa kupambwa, kiangazi humjua,
Kombe haliji kuombwa, hutwaliwa kwa hatua,
Sifa kesho zitaimbwa, maji tukiyafukua.